Mtoto wako kabla ya darasa la kwanza: mwongozo wa kumlea na kumfundisha nyumbani hapa Goma

Kila mwaka, miezi ya Julai na Agosti, kuna mama atakayenisimamisha barabarani na swali lilelile: "Mwalimu, mtoto wangu ametimiza miaka mitatu na pesa ya maternelle sina. Si atachelewa?" Mimi nimefundisha maternelle, yaani shule ya watoto kabla ya darasa la kwanza, hapa Goma miaka 11, na jibu langu huwashangaza wengi. Hatachelewa, mradi nyumbani kuna mtu anayezungumza naye.

Nimewahi kupokea watoto wenye viatu vinavyowaka taa na mifuko ya bei ghali, ambao hawakuweza kunieleza walikula nini jana. Nimepokea wengine kutoka Ndosho, waliolelewa na koko wao, yaani bibi, katika nyumba ya mbao ya chumba kimoja, wanaosimulia mpaka unasahau kupiga kengele. Wale wa pili ndio walioanza kusoma mapema.

Masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa bure kuanzia Septemba 2019, lakini maternelle ilibaki mfukoni mwa mzazi. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Akifika miaka 2 tu, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kwenu, penye mbabula (jiko la makala) na bidoni, kabla mwalimu yeyote hajamjua jina. Nitaieleza hatua kwa hatua. Si lazima uzifuate kwa mpangilio, isipokuwa mbili za mwanzo.

Hatua ya 1: Chakula, chanjo na usingizi

Mtoto mwenye njaa au minyoo hafundishiki. Nilishawahi kumwita mtoto mvivu muhula mzima, kumbe alikuwa hana damu. Aibu ile sijaisahau.

Miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia mwezi wa 6 anahitaji chakula juu ya maziwa, na kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi. Kati ya miezi 6 na 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 hadi 4, na kati yake apate kitu kidogo kama ndizi au kipande cha avoka.

Kosa ninaloliona sana ni uji mwepesi kama maji ya kuoshea sahani. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Uinamishe kijiko: uji mzuri unashikilia, hautiririki. Masoso, yaani mahindi, soya na sorgo, ni msingi mzuri, ila soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana mbichi inalizuia tumbo kuitumia protini yake. Ongeza kijiko cha unga wa sambaza waliokauka, wale samaki wadogo wa ziwani, uwasage na vichwa vyao. Tia tone la mawese kwa ajili ya vitamini A. Kwa mtoto anayekula fufu, mboga zisiwe sombe (majani ya muhogo) siku zote. Lengalenga na maharage ziingie, na yai ukilipata.

Neno moja kuhusu chai. Hapa kwetu chai ya asubuhi hupewa mpaka mtoto wa mwaka mmoja, kwa sababu kuna baridi. Chai inazuia mwili usichukue madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Mpe uji wa moto, au maji yaliyochemshwa yakiwa vuguvugu. Na ukimpa maharage, mpe na pera au chungwa, kwa sababu vitamini C inafanya kinyume cha chai.

Kituoni cha afya kuna siku ya kupima watoto wadogo, ile tunayoita CPS. Wengi huiacha mara tu sindano zinapoisha, na hapo ndipo wanapokosea. Mpeleke hata kama ni mzima, mstari wa uzito ufuatwe kwenye kadi. Chanjo ya surua na ya homa ya manjano hutolewa akiwa na miezi 9, na akina mama wengi huisahau kwa sababu ziko mbali na zile za mwanzo. Vitamini A ni kila miezi 6 kuanzia mwezi wa 6 hadi miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Ukiona ule utepe wa kupima mkono umeonyesha manjano, yaani chini ya milimita 125, usingoje mwezi ujao. Ukionyesha nyekundu, chini ya milimita 115, ni siku hiyohiyo.

Kuhusu kuhara, kwa kuwa kolera haijawahi kuuhama mji huu: maji ya kunywa yatiwe klori au yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha. Akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi mara moja na zinki, uendelee kumnyonyesha. Akihara maji meupe kama ya mchele, usijaribu dawa ya nyumbani hata moja; kimbia kituoni huku unamnywesha njiani.

Usingizi: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, pamoja na ule wa mchana. Wa miaka 3 hadi 4 anahitaji 10 hadi 13. Anayeenda kulala saa tano za usiku kwa sababu nyumba nzima inatazama filamu, kesho yake atalia kwa kila kitu nawe utasema ana kichwa kigumu.

Hatua ya 2: Mahali pa kuchezea pasipoua

Miji mingine, sehemu hii ingekuwa mistari miwili. Goma si hivyo.

Kwanza mazuku. Ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, mpaka jua na upepo viitawanye. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake; mtoto wa urefu wa mita moja yuko ndani yake mzima. Haionekani kwa macho. Ukiishi kando ya ziwa kuelekea Lac Vert, Bulengo na mpaka Sake, zunguka kiwanja chako na mitaa ya jirani, uulize wazee wa kartie mashimo yako wapi. Ukiona wadudu, panya au ndege waliokufa ndani ya shimo bila jeraha, pale hapachezewi. Mwekee mtoto sheria moja: asubuhi mapema hakuna kushuka shimoni kufuata mpira wala mbuzi. Na mtu akianguka mle, usiruke kumfuata. Piga kelele watu waje na kamba, kwa maana wengi wamekufa kwa kufuatana.

Pili, mbabula. Usiku wa huku una baridi, nyumba ni za mbao, na mtu anaona heri aiingize ndani makala yakiwa bado mekundu. Hewa ya makala inaua familia nzima ikiwa usingizini. Mbabula ilale nje, hata mvua inyeshe. Mchana, ichorewe duara kwa chaki au kwa majivu na mtoto ajue kwamba mguu wake hauvuki duara. Watoto wa miaka 2 wanaelewa mstari kuliko wanavyoelewa "acha!"

Tatu, petroli ya kadhafi, yaani ya wauzaji wa barabarani, iliyotiwa kwenye chupa ya jusi. Pamoja nayo klori, na sabuni ya maji. Viwekwe juu kabisa, na si ndani ya chupa ya kinywaji. Beseni na bidoni iliyokatwa mdomo zifunikwe; mtoto mchanga anazama katika maji ya kina cha kiganja.

Mawe yetu meusi yanachana magoti, ndiyo. Hayo yaache. Goti lililochubuka linapona, na mtoto anayepanda na kushuka mawe kila siku anajifunza kuupima mwili wake. Safisha kwa maji na sabuni, basi.

Hatua ya 3: Zungumza naye, na umngojee ajibu

Hapa ndipo nitakapokaa sana. Ukikumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, nakuomba liwe hili.

Mtoto hajifunzi kuongea kwa kusikia maneno mengi yakipita juu ya kichwa chake. Redio inaongea kutwa, na hakuna mtoto aliyewahi kufundishwa kuzungumza na redio. Anajifunza pale anapotoa kitu chake, sauti au kidole, na mtu akamrudishia. Ni kama wimbo wa kuitikiana: mmoja anaanza, mwingine anapokea. Mtoto wa miezi 4 akisema "aguu", nawe ukiacha kidogo unachofanya, ukamtazama, ukasema "Aguu! Eh, unaniambia nini?", umekwisha kumpa somo: kwamba sauti yake inaleta jibu. Ukimwacha mara elfu bila kumwitikia, naye ananyamaza.

Kwa vitendo ni mambo matatu. Fuata macho yake: taja kile anachokitazama yeye, si kile unachotaka wewe akitazame. Anatazama chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inapita na magunia ya makala, usimgeuze aangalie gari la mjomba, sema "Chukudu! Imebeba makala. Inashuka mbio." Kisha ongeza kidogo juu ya neno lake: akisema "maji", wewe sema "maji ya baridi", au "maji yamemwagika". Usimsahihishe, mwonyeshe tu neno lina wenzake. Halafu ngoja. Hapa wazazi karibu wote wanashindwa. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kumjibia. Mtoto anatafuta neno kama wewe unavyotafuta funguo chini ya mkoba. Ukimkatiza, anaanza upya.

Utaniuliza saa ngapi, na wewe unaamka saa kumi na moja kwenda kuuza. Sikuombi saa mpya. Umembeba mgongoni unapanda kutoka sokoni Virunga: mwambie mnayoyapita. Unamwogesha: taja goti, kisigino, kiwiko. Mtoto aliye mgongoni ana bahati kubwa, sikio lake liko karibu na mdomo wako. Ubaya ni simu. Tukipanda na simu sikioni, yeye anasikia nusu ya mazungumzo yasiyomhusu.

Sasa, lugha gani? Katika nyumba za Goma kuna Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kishi, nje kuna Kiswahili, na shuleni kuna Kifaransa. Baba mmoja aliniambia amepiga marufuku Kiswahili kwake ili mtoto "azoee Kifaransa", na Kifaransa chenyewe alikuwa nacho sentensi thelathini. Mtoto akapata sentensi thelathini. Mimi nasema: ongea naye lugha unayotania nayo, lugha unayokasirikia nayo, ile ambayo ndani yake huishiwi maneno. Koko aongee yake, wewe yako. Lugha mbili au tatu hazimchanganyi mtoto. Atazichanganya katika sentensi moja kwa muda, kisha atazitenganisha mwenyewe. Anayejua neno "kwa sababu" katika Kinande anachotafuta baadaye ni jina lake tu katika Kifaransa. Asiyelijua katika lugha yoyote, huyo ana kazi mbili.

Shule ya kwanza niliyofundisha, sitaitaja, ilikuwa na kipande cha ubao kilichofungwa kamba. Mtoto aliyeropoka Kiswahili alivishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Walikuwa na miaka mitano. Walichojifunza upesi kuliko Kifaransa ni kunyamaza. Na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kuwa lugha za kufundishia. Ukikutana na kipande kile leo, una haki ya kwenda kumuuliza mkurugenzi.

Hatua ya 4: Kazi za nyumbani ndizo masomo

Nitakuonyesha moja kwa karibu, kuchambua maharage.

Maharage ya Kivu huuzwa mara nyingi yakiwa yamechanganywa: mekundu, meupe, ya manjano, meusi, yenye madoa. Umenunua murongo mmoja, kile kipimo cha sokoni, umemwaga kwenye ungo, umekaa kwenye kigoda. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka mitatu na nusu alipokuja kukaa kando yangu jioni moja.

"Mama, hii iko na alama."

"Iko na alama kama ya nini?"

Kimya. Nikahesabu moyoni. Nilifika nne.

"Kama paka ya Mama Neema."

"Eh, kweli! Hayo yanaitwa madoadoa. Tafuta ndugu yake."

Akatafuta. Akaleta jekundu tupu. Sikusema si lenyewe, nilimwuliza, "Huyu naye ana madoadoa?" Akalitazama, akalirudisha mwenyewe. Baada ya muda alikuwa na mafungu matatu juu ya jiwe, akaniuliza ni fungu gani lina watu wengi. Tukayapanga mstari, jeusi moja mbele ya jekundu moja, mpaka mekundu yakabaki bila mwenzi. "Nyekundu ni mingi!" Dakika ishirini, na maharage yalikuwa yamechambuliwa. Ndani yake kulikuwa na neno jipya, kutofautisha, kupanga, kulinganisha idadi, na vidole viwili vinavyobana kitu kidogo, vilevile vitakavyokuja kushika kalamu.

Tahadhari: chini ya miaka 3, maharage hapana. Mkubwa wake alilisukuma moja puani nikiwa nimegeuka kukoleza moto, tukalala kituoni. Kwa wadogo tumia mbegu za avoka, vifuniko vikubwa vya bidoni, viazi.

Kuhesabu kuna mtego. Wazazi wananiletea mtoto na kusema kwa fahari "anahesabu mpaka ishirini!" Naye anaimba moja mbili tatu kama wimbo wa kanisani. Mjaribu hivi: weka viazi kumi mbele yake, sema "nipe vitatu." Akikuzolea mkono mzima, bado anaimba. Hakuna ubaya, ila ujue kazi iliyopo: agusapo kitu kimoja, jina moja la namba. Sahani tano za watu watano, kila mtu na kijiko chake. Anayegawa vijiko kila jioni bila kukosea ana hesabu kuliko anayeimba hadi mia.

Maji pia. Mpe bidoni ndogo ya lita 5 na kikombe cha plastiki, muulize vikombe vingapi vitaijaza, na umwache akisie kabla ya kujaza. Mkubwa kidogo atagundua kwamba bidoni ndogo nne ndizo zinazojaza ile ya lita 20, na siku ya kugundua hivyo atakusumbua jioni nzima. Kukunja vitenge, kubwa na ndogo, nusu na robo. Kupanga viatu viwiliviwili mlangoni. Kuchambua majani ya lengalenga kutoka kwenye vikonyo. Mpe kazi ya kweli, si ya kumzugia. Watoto wanajua tofauti.

Ndiyo, itakuchukua muda mrefu kuliko ukifanya peke yako. Chagua kazi moja kwa siku, zingine zimalize mbio.

Hatua ya 5: Mchezo, na vitu vya kuchezea bila pesa

Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji jumla ya saa 3 hivi za kutembeza mwili kwa siku, zikiwa zimegawanyika. Mpira wa mifuko na kamba unatosha. Kaka zake wakimchongea chukudu ndogo ya miti, kama ile ya dhahabu kwenye rond-point lakini ya saizi yake, amepata gari, kazi na mizani kwa pamoja. Boksi, kopo lisilo na ncha kali, kipande cha kitenge. Mchezo wa "mimi ni mama, wewe ni mgonjwa" usiukatize. Pale ndipo anapojifunza kukaa ndani ya kichwa cha mtu mwingine.

Simu: chini ya miaka 2 hapana kabisa, na kuanzia 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri. Najua inanyamazisha. Ndiyo sababu ninaiogopa.

Hatua ya 6: Kitabu, herufi na mkono

Usikimbilie kalamu. Mkono wa miaka 3 bado ni laini, unataka kukanda, kuchana, kusuka na kuchora kwa kidole. Mchanga wetu mweusi ni ubao bora ulimwenguni: utandaze kwenye sinia, achore, atikise, mchoro ufutike. Kipande cha makala juu ya ubao wa zamani. Akifika miaka 4 na nusu au 5 ndipo jina lake, na aanze na jina lake, si na "a" ya kwenye chati. Hakuna neno analolipenda zaidi.

Kitabu kama hakipo, kitengeneze. Kata boksi la biskuti vipande sita, toboa, funga uzi. Bandika picha kutoka kalenda ya mwaka jana, au chora nyumba yenu, ziwa, mlima unaotoa moshi. Chini ya kila picha andika sentensi anayoisema yeye, kwa maneno yake. Msomee huku kidole kikipita chini ya maneno. Atataka kilekile siku kumi mfululizo, msomee kilekile. Ukiwa na simu na megabaiti kidogo, tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili bila malipo, unapakua na kusoma bila mtandao. Shika simu wewe, ukurasa mmoja mmoja.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Herufi karibu zote zinasomeka jinsi zilivyoandikwa. Ma, me, mi, mo, mu: mtoto wa miaka 5 na nusu akishashika silabi za "m", "t", "b" na "k", anasoma "mama", "taka", "bata", "kuku" mwenyewe. Chukua silabi, si majina ya herufi, na chukua mstari mmoja kwa wiki. Aliyesoma kwa Kiswahili anahamisha ujuzi huo kwenda Kifaransa. Kusoma anajifunza mara moja tu.

Usiku umeme umekatika, tumia kinywa. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Mwache ahangaike kabla ya kumwambia ni yai. Halafu mwombe atunge chake, hata kama hakina maana. Mtoto wangu alitunga "kitu changu kinakula mti kinakunya majivu", na hatukuhitaji kuuliza ni mbabula.

Hatua ya 7: Hofu, na fimbo

Watoto wa mji huu wameona mambo. Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka, wangu walitembea wakiwa wameshikana mikono kwenye giza jekundu. Januari 2025 walilala chini ya kitanda kwa sababu ya risasi. Baada ya hapo mmoja alianza tena kukojoa kitandani akiwa na miaka sita, na mwingine alikuwa akifunga nguo zake kwenye mfuko kila jioni.

Huyo wa mfuko, mwanzoni nilimkemea. Halafu nikamsaidia kuufunga, tukauning'iniza msumarini pamoja, nikamwambia "uko tayari, sasa lala." Baada ya wiki kadhaa akausahau. Kwa mtoto aliyeogopa, mambo madogo yanayorudi kila siku saa ileile yanaponya kuliko hotuba: uji uleule, wimbo uleule, mtu yuleyule kumfunika. Jibu swali lake kwa ukweli mfupi. "Ndiyo, ni risasi. Ziko mbali. Tumelala chini ili tuwe salama. Mimi niko hapa." Usimwambie ni fataki, atakuja kujua, na siku nyingine hatakuamini. Akicheza vita au mlima unaolipuka, mwache, anakipunguza kile alichonacho ndani. Kukojoa kitandani usimwaibishe mbele ya wenzake. Ikipita miezi miwili haongei, hali, hachezi, zungumza na muuguzi kituoni.

Fimbo inamfundisha mtoto kutokamatwa, na mara nyingi inamnyamazisha yule tuliyetoka kumfundisha kuongea. Chini ya miaka 3, ondoa kitu au muondoe mtoto, basi. Kuanzia 3, mwambie cha kufanya badala ya cha kuacha: "tembea" badala ya "usikimbie". Alichokimwaga akifute mwenyewe. Na wewe ukiwaka kwa hasira, toka nje uhesabu mawe, kisha urudi.

Akina baba, mliosoma mpaka hapa: mtoto anayebebwa na baba yake mpaka kwa kinyozi na kuulizwa anaona nini njiani anapata maneno ambayo mama yake hana. Haichukui zaidi ya hapo.

Hatua ya 8: Lini uwe na wasiwasi

Kila mtoto ana mwendo wake, na usimlinganishe na wa jirani. Lakini mpeleke kwa daktari kama hageukii sauti akifika miezi 6, hakai bila kushikwa akifika miezi 9, hana neno hata moja akifika mwaka na nusu, hatembei akifika miezi 18, hajaunga maneno mawili kama "mama njoo" akifika miaka 2. Na umri wowote, akipoteza kitu alichokuwa anakiweza. Jambo la kwanza liwe masikio. Nimewajua watoto wawili walioitwa wabishi na wakaombewa, kumbe masikio yalikuwa yanatoa usaha tangu utotoni. Jaribu nyumbani: simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya chini kutoka hatua tatu.

Hatua ya 9: Wiki ya mwisho kabla ya shule

Mwanzoni mwa Septemba shule inafunguliwa. Wiki moja kabla, alale na kuamka kwa saa ya shule. Mtembeze njia mara mbili, mkitaja alama: duka la dawa, jiwe kubwa, msikiti. Ajue kufungua na kufunga suruali mwenyewe, kunawa, kula bila kulishwa, na kusema "nataka kwenda chooni" katika lugha ambayo mwalimu ataielewa. Ajue jina lake kamili, la mama na la baba, na kartie yake.

Siku yenyewe, usimtoroke akiwa hakuoni. Muage, mwambie utakuja baada ya nini, kwa mfano "baada ya kengele ya mwisho", kisha uondoke kweli hata akilia. Na kabla hujaondoka, mvute mwalimu kando umwambie kitu kimoja: jina ambalo mtoto anaitwa nyumbani. Kwenye daftari ameandikwa majina matatu ambayo hajawahi kuyasikia, na mara nyingi mimi nimeita asubuhi nzima bila mtu kuitika, mpaka mtoto mwingine akaniambia, "Mwalimu, huyu ni Kadogo."